Mlango Niliowafungia Bankambo

Siku ile daktari mkuu aliponiuliza kama nakubali bankambo, wale bibi wa watoto wachanga, wazuiliwe mlangoni, nilipaswa kusema hapana. Hakunitisha wala kunipandishia sauti. Aliniuliza kwa heshima, kama mtu anavyomuuliza mwenye kazi yake, na mimi nikajibu, "Ndiyo, docta," kabla hajamaliza swali. Tena nilifurahi! Nilitoka ofisini mwake nikipiga mluzi.

Ngoja niwaeleze, maana ninyi vijana mnaoanza kazi kwenye wodi za wazazi leo mmekuta mlango wazi, na pengine mnadhani ulikuwa wazi siku zote.

Nilikuwa muuguzi wa maternite hapa Likasi, katika hospitali ambayo sitaitaja. Shule yangu iliishia sekondari ya uuguzi, na kazi nyingi nilijifunza kwa macho na kwa kukemewa. Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa mazungumzo ya asubuhi. Kila mama aliyejifungua, kabla ya kupewa ruhusa ya kurudi nyumbani, alikaa kwenye benchi pamoja na wenzake, nami nilisimama mbele yao na mtoto wa kitambaa mkononi, nikaeleza namna ya kumtunza mtoto mchanga: kunyonyesha, kitovu, kuoga, joto, usingizi, na dalili za kumrudisha mtoto hospitali mbio. Na bankambo, yaani mama mzaa mama na mama mzaa baba, walikuwa wanakuja pia. Walijaa! Walikuja na mabeseni, na termosi za uji, na vitenge vya kumfunika mtoto, na maoni. Hasa maoni.

Ah, wanangu, yale maoni! Asubuhi yangu ya kwanza nilikuwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Nilikuwa nimekariri maneno yangu yote njiani, juu ya baiskeli. Nilipofungua tu kinywa, nkambo mmoja kutoka mtaa wa Panda, mjane wa mfanyakazi wa kiwanda, alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Papa infirmier, minye niko na ulizo. Weye ulizala batoto ngapi?"

"Muke yangu alizala babili, mama."

"Sikuuliza muke yako. Nauliza weye."

Benchi zima likacheka. Mpaka mama mmoja aliyekuwa ameshonwa akashika tumbo na kuniomba ninyamaze, maana kicheko kilikuwa kinamuumiza.

"Basi," akasema yule nkambo, "minye nilizala tisa, bote beko bazima. Na sasa weye unanikalisha hapa, unanifundisha na ka poupée?"

Nilitaka kujibu kwa ukali. Nikamgeuza mtoto wa kitambaa ili nianze habari ya nepi, nikaifunga kinyume, ikaanguka. Hapo ndipo Mama Philomène, mkunga mkuu wa wodi, alipoinuka kwenye kiti chake cha nyuma. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, na hakuna daktari aliyepita mbele yake bila kumsalimu. Alinichukua kando.

"Séverin, usishindane naye. Mupatie mutoto."

"Mutoto gani?"

"Ile ya kitambaa. Mupatie atuonyeshe. Weye angalia tu."

Nikampa. Wanangu, yule mama alisimama kama anaenda kupokea komunyo! Alimshika mtoto wa kitambaa kwa mkono mmoja chini ya shingo, mwingine chini ya matako, akamgeuza, akampiga piga mgongoni, akamweka begani. Mikono ilikuwa inaimba. Nikamsifu kwa sauti, na nilimaanisha. Kisha akaanza kukandamiza kichwa cha yule mtoto ili kiwe cha mviringo, na hapo nikamuuliza polepole kwa nini. Akaeleza. Nikamwambia kwamba mifupa ya kichwa cha mtoto bado haijaungana, kwamba kichwa kitajipanga chenyewe, na kwamba kukikandamiza kunaweza kumuumiza. Akafikiri. Akasema, "Kumbe. Wa kwanza yangu alilia sana wakati nilimufanya vile." Wanawake wengine wakaanza kusimulia, kila mmoja na wake. Asubuhi ile sikumaliza hata nusu ya maneno niliyokariri, na ndiyo ilikuwa asubuhi yangu bora kuliko zote za mwaka ule.

Hiyo ndiyo njia, na nawapa bure: mtoto wa kitambaa asikae mkononi mwenu. Akiwa mkononi mwenu, mnasikilizwa tu. Akiwa mkononi mwao, mnaona nyumba zao zote, na makosa yao yote, na uzuri wao wote.

Mama Philomène alikuwa na maneno aliyokuwa akinirudia tukinywa chai ya saa nne. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Mama mwenye amezala analala. Amechoka, anaumwa, analala. Sasa nani anaogesha mutoto? Nkambo. Nani anapika uji? Nkambo. Nani anafunga kitofu, nani anachagua nguo, nani anawasha makala? Nkambo, nkambo, nkambo. Na weye unasemesha nani? Mwenye kulala!"

Kuhusu makala alikuwa mkali zaidi. Watu wa mbali wanadhani Kongo yote ni joto. Waje Likasi asubuhi moja ya mwezi wa sita! Vidole vinakufa ganzi kwenye usukani wa baiskeli, na pumzi inatoka kinywani kama moshi wa sigara. Sasa hospitali inasema: mlindeni mtoto na baridi. Ni kweli kabisa, mtoto mchanga hawezi kujipasha joto, na baridi inaua. Lakini familia inasikia nini? Inasikia: funga dirisha, ziba uwazi wa chini ya mlango kwa kitambaa, ingiza mbabula chumbani, lile jiko letu la makala. Wanafanya hivyo kwa upendo. Na makala yaliyoshika moto vizuri, yale mekundu yasiyo na moshi, ndiyo yanayodanganya, maana yanatoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu mzima anasikia kichwa kinauma, anatoka nje. Mtoto mchanga haumwi kichwa mbele ya mtu. Analala tu.

Basi Mama Philomène, msimu wa baridi ukianza, alikuwa anawatoa bankambo wote uani. Anawasha mbabula mbele yao, anaweka chuma cha pasi juu, anapasha vitambaa, kisha anaingia ndani na vitambaa peke yake.

"Moto inabakia hapa. Joto njo inaingia. Munaona? Munapasha kitambaa inje, munaingiza kitambaa. Na mutoto munamuweka ku ngozi ya mama, ao ku ngozi yenu. Kofia ku kichwa, soksi ku miguu, ngozi ku ngozi. Hakuna mbabula inashinda ngozi ya muntu."

"Hata ngozi ya muzee kama minye?" akauliza nkambo mmoja.

"Ya muzee njo inakuwaka na moto zaidi, sababu haina kazi ingine."

Walicheka mpaka wagonjwa wa wodi ya jirani wakachungulia dirishani. Lakini waliporudi nyumbani waliacha mbabula nje. Najua, kwa sababu nilikuwa nazunguka Panda Jumapili baada ya misa, na nilikuwa nayaona majiko uani, yakiwaka peke yake kwenye baridi, na vitambaa vya watoto juu yake.

Msidhani sisi tulijua kila kitu. Hospitali yenyewe ilikuwa inabadilika, na ni vizuri mjue hivyo, mpunguze kiburi. Nilipoanza, mtoto akizaliwa tunamshika miguu kichwa chini, tunampiga kofi, tunamwosha pale pale, tunampeleka chumba cha watoto peke yake, na mama anabaki anatazama dari. Leo mnamfuta, mnamweka kifuani mwa mama papo hapo, na kuoga kunasubiri mpaka siku ya pili. Zamani tulimlaza kifudifudi ili asipaliwe. Leo mnamlaza chali, bila mto, bila kitenge usoni. Zamani tulipaka pombe ya dawa kwenye kitovu na kukifunga bendeji kama mguu uliovunjika. Leo kitovu kinaachwa safi na kikavu, nje ya nepi, hakipakwi kitu chochote isipokuwa kile ambacho mkunga mwenyewe amewapa.

Siku nilipoanza kufundisha hili la kitovu, yule mama wa Panda alikuwa amerudi na mjukuu mwingine. Akaninyooshea kidole.

"Papa, na mutoto wa kwanza ulisema alcool. Sasa unasema kuiacha vile, bila kintu. Mwaka ingine utasema nini? Tupake bia?"

"Mama, mbele tulikosea. Tulijifunza."

"Aa. Mulikosea." Akageukia wenzake. "Munasikia? Infirmier anasema walikosea. Huyu sasa nitamusikia."

Nawaambia, hakuna somo lililonisaidia kama hilo. Kabla ya siku ile nilikuwa naficha mabadiliko kama aibu ya familia. Baada yake nilikuwa nayatangaza kwa furaha!

Na kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa kanisa la maombi, ambaye alikuja na chupa ndogo ndani ya mkoba. Mjukuu wake alikuwa amezaliwa baada ya kusubiriwa sana.

"Papa, mafuta hii pasta aliombea. Inaenda ku kitofu."

Wauguzi wawili vijana wakaanza kumkemea. Nikawapa ishara wanyamaze.

"Mama, pasta alisema ku kitofu?"

"Alisema ku mutoto."

"Na kipaji cha uso, haina mutoto?"

"Iko mutoto."

"Basi pakala kidogo ku kipaji, omba yako yote. Kitofu wacha ikauke."

Akapaka, akaomba, na sisi tukaitikia amina. Akaondoka akisema kwamba ningekuwa mchungaji ningekuwa na kanisa kubwa. Kitovu kilianguka chenyewe, kikavu na safi. Alikuja kunionyesha, na samaki mmoja mkubwa kwenye gazeti.

Sijawaambia habari ya Trésor! Trésor alikuwa mchimbaji, mmoja wa wale vijana wanaochimba kwa mikono upande wa Kambove. Mke wake alijifungua kabla ya wakati, kwa upasuaji, na alikuwa hawezi hata kuketi. Mtoto alikuwa mdogo kiasi kwamba Trésor alipomwona aliniuliza kama ni mzima au ni sehemu tu. Mashine ya joto ilikuwa na mtoto mwingine. Mama Philomène akamwambia avue shati.

"Minye?"

"Ndiyo, njo weye mwenyewe. Baba iko na ngozi, ao hapana?"

Tukamwosha vumbi jekundu la mgodi, tukamfungia mtoto kifuani kwa kitenge, kichwa chini ya kidevu chake, na tukamkalisha. Asubuhi iliyofuata wachimbaji wenzake wakaja kumtafuta, na viatu vyao vya matope.

"Trésor! Umekuwa mama?"

"Munyamaze. Mutoto iko analala."

"Utanyonyesha na nini?"

"Munyamaze, ninasema! Munasikia namna anapumua?"

Nao, watu wanaoshuka kwenye mashimo bila kuogopa, wakanyamaza. Walisogea mmoja mmoja kumsikiliza mtoto akipumua. Mtoto aliongezeka uzito, mama akapata nguvu, na wakarudi nyumbani watatu. Hata leo nikikumbuka lile benchi la wanaume wenye matope wakinong'ona, nasisimka mwili mzima. Hebu semeni, kuna kazi gani nyingine duniani inayomlipa mtu namna hii?

Sasa turudi kwenye mlango.

Wodi ilikuwa imejaa kupita kiasi. Familia mbili zilikuwa zimegombana juu ya nani ana haki ya kumwogesha mtoto kwanza, upande wa mama au upande wa baba. Termosi ikavunjika, uji ukamwagika kitandani mwa mgonjwa asiyehusika. Daktari mkuu alikuwa mpya na alitaka utulivu na usafi. Alitaka mazungumzo yawe mafupi, kwa akina mama peke yao, na jamaa wasubiri nje ya geti. Mama Philomène alikuwa amekwisha kustaafu. Ndipo daktari akaniita mimi, akaniuliza.

Kwa nini nilifurahi? Kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa nimezaa wangapi. Ndiyo ukweli wote. Nilitaka benchi linalonisikiliza na kuniita Monsieur. Nikalipata! Akina mama walikaa kimya, wengine wakisinzia, na mimi nikaongea vizuri ajabu. Mtoto wa kitambaa alirudi mkononi mwangu. Ili kupunguza muda nilitoa kila kilichokuwa cha bankambo: kukanda kichwa, vitambaa vya moto, mbabula. Nilijiambia: kwa nini nimweleze mwanamke aliyelala habari za kuwasha makala, wakati hawashi yeye? Nikabakiza maneno machache tu: mtoto asipate baridi.

Nilikutana na Mama Philomène sokoni, akichagua nyanya.

"Séverin, nasikia munafunga bankambo inje. Sasa unasemesha nani?"

"Bamama, Mama. Beko kimya, banasikia muzuri."

"Na mwenye kuwasha makala, nani anamuambia?"

"Binti yake atamuambia ku nyumba."

Aliziweka nyanya chini. "Ulishaka kuona binti anafundisha mama yake namna ya kuwasha moto? Mu Likasi hii?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilimbebea mfuko wake mpaka kwenye taxi-bus, tukazungumzia mambo mengine.

Leo mlango uko wazi, na mkuu wa wodi ni binti anayeitwa Joëlle, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika mtoto. Kila Jumanne ananiita. Lo, mngeona! Bankambo wamejaa mpaka koridoni, akina baba nao wapo, wengine bado na kofia za kiwandani. Joëlle anampa mtoto wa kitambaa mtu wa kwanza anayebisha. Wiki iliyopita alimpa baba mmoja mrefu sana, dereva wa lori, naye akamshika kama anashika yai linalovuja, na mama mkwe wake akamwambia, "Mushike, hawezi kukuuma!" Anawafundisha dalili kwa kuwafanya waigize: mmoja anakuwa mtoto anayekataa ziwa, mwingine anakuwa mtoto anayelala mno na haamki kunyonya, mwingine anapumua haraka huku kifua kikibonyea. Kuna nkambo aliigiza mtoto wa manjano kwa kujifunika kitenge cha manjano mpaka viganja na nyayo, na Joëlle akauliza wote, "Huyu tunamuweka ku jua?" Wakapiga kelele, "Hapana! Ku hospitali!" Mwili wenye moto, mwili wa baridi, degedege, kitovu chekundu chenye harufu: wanaruka kutoka kwenye benchi na kukimbia mpaka mlangoni, maana Joëlle anasema atakayetembea amechelewa. Na maziwa ya kwanza, yale ya manjano mazito ambayo zamani walikuwa wanayakamua na kuyamwaga, sasa bankambo ndio wanaoyalinda. "Hata tone moja ya maji, hapana," wanaambiana. "Mpaka miezi sita, ziwa tu."

Mimi wananipa uani. Nawasha mbabula, napasha vitambaa, naingia ndani na vitambaa peke yake.

Jumanne moja Joëlle aliniuliza, "Papa, uko retraité, ulimaliza kazi. Magoti inakuuma. Juu ya nini unakuya kila wiki, hata mu baridi?"

Nilimwambia. Nanyi nawaambia.

Mwaka ule tulipofunga mlango, binti yangu Clarisse alijifungua katika wodi yangu, mtoto wa kiume, msimu wa baridi. Mke wangu alikuja na beseni. Mlinzi akamzuia. Akaniita kwa sauti, watu wote wakisikia: "Baba Clarisse, ambia huyu muntu minye ni nani!" Nami nikatoka na koti langu jeupe nikamwambia règle ni règle, sheria ni sheria, asubiri nje kama wengine. Nilijivuna kwamba sipendelei jamaa zangu.

Clarisse alikuwa amepoteza damu nyingi. Alikaa kwenye benchi la mazungumzo akisinzia, na mimi baba yake nikiongea mbele yake. Alichobeba kurudi nacho nyumbani ni maneno yale machache. Alimwambia mama yake: "Papa anasema mutoto asisikie baridi."

Mke wangu alikuwa ametoka Kasai, alikulia kwenye joto na kuni. Watoto wetu wawili walizaliwa wakati wa mvua, hatukuhitaji moto ndani. Na mimi nyumbani sikuwa na desturi ya kuzungumza kazi. Nilikuja kula na kusikiliza redio. Basi asubuhi ile, nilipokwisha kuondoka na baiskeli, alifanya kile ambacho kila nkambo mwenye upendo angefanya bila kuambiwa. Akafunga dirisha. Akaziba chini ya mlango. Akaingiza mbabula yenye makala mekundu mazuri, yasiyo na moshi, akatoka kwenda kuchota maji.

Nilikuwa nimesimama mbele ya benchi, nikiongea, jirani alipokuja kuniita. Clarisse walimkuta sakafuni wakamtoa nje, akapata fahamu. Mtoto hakupata. Alikuwa amepewa jina langu.

Mke wangu aliniuliza mambo mawili tu.

"Hii mambo ya makala, ulikuwa unaijua?"

"Nilikuwa naijua."

"Na mbele, ulikuwa unaambia bamama ya bantu?"

"Ndiyo. Mbele."

Akaingia ndani kwa Clarisse.

Nilipokwenda kwa daktari mkuu kumwomba afungue mlango, alinisikiliza mpaka mwisho, akaufungua siku ile ile. Kisha akasema, bila ubaya wowote: "Papa Séverin, siku ile nilikuuliza kwa sababu mimi sikujua. Ungesema hapana, nisingefunga."

Kwa hiyo ninyi mkiulizwa jambo la kazi yenu, na mkalijua, semeni hapana wakati wa kusema hapana, hata kama ndiyo itawapa raha asubuhi zote zinazofuata. Mimi ndiyo yangu ilinigharimu mjukuu wangu wa kwanza. Ilinigharimu Clarisse, ambaye anaishi Kolwezi, amezaa wengine watatu, na hajawahi kuniletea hata mmoja nimbebe. Na mke wangu alibaki nami nyumba moja mpaka alipofariki, akinipikia na kunifulia, na hakunisamehe.